Donda Ndugu Magharibi mwa Ziwa: Historia ya Maambukizi Yanayoozesha Nyama Bukoba na Muleba

Maambukizi yanayoozesha nyama hufanya kazi yake chini ya ngozi, mahali jicho halifiki. Bakteria huingia kwa upenyo mdogo, pengine mchubuko, mwiba au jino bovu, kisha husambaa katika fashia, utando mweupe na mgumu unaofunika misuli. Utando huo hupitiwa na damu kidogo, kwa hiyo ulinzi wake ni hafifu. Mishipa midogo huziba, mafuta na fashia hufa, na nyama iliyokufa huwa chakula cha bakteria wengine. Ngozi ya juu inaweza kubaki nzima kwa siku moja au mbili, imevimba na kuwa nyekundu kidogo tu. Dalili inayopaswa kumshtua mganga katika saa hizo ni maumivu, kwani mgonjwa hulia kwa uchungu usiolingana na kile kinachoonekana. Baadaye maumivu hupungua kwa sababu neva nazo zimekufa, na ndugu wengi hudhani mgonjwa wao anapata nafuu. Halafu hutokea malengelenge yenye maji ya rangi ya damu, ngozi hugeuka zambarau kisha nyeusi, na harufu huanza. Sumu ikishaenea katika damu, presha hushuka na figo hushindwa kazi. Hata katika hospitali zenye kila kifaa, wagonjwa 2 hadi 3 kati ya 10 hufa.

Tiba ya Ulaya na Marekani iliandika habari za ugonjwa huu kwa vipande vipande. Joseph Jones, daktari wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikusanya taarifa za wagonjwa 2,642 na kuzichapisha mwaka 1871. Karibu nusu yao walikufa. Mwaka 1883 Jean Alfred Fournier wa Paris alieleza namna yake inayoshambulia sehemu za siri za wanaume, ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Frank Meleney, akifanya kazi Peking, alieleza mwaka 1924 wagonjwa 20 waliooza nyama kwa bakteria aina ya streptokoka, na akasisitiza kwamba kisu kisingoje. Magharibi mwa Ziwa Viktoria hapakuwa na daktari wa kuandika kumbukumbu za namna hiyo wakati Jones na Fournier wanaandika. Habari za kwanza za watu waliooza miguu katika pande hizo zinatoka kwa wasafiri, na zinahusu mdudu mgeni.

Mdudu huyo, funza, ni mdogo kuliko viroboto wote wanaojulikana, ana urefu wa milimita 1 hivi. Jike huchimba ngozi, hasa pembeni mwa kucha za miguu, kisiginoni na katikati ya vidole, akaacha tundu la kupumulia na kutolea mayai. Ndani ya wiki moja hadi mbili tumbo lake huvimba likafikia milimita 5 hadi 10. Akishataga hufa humo humo ndani ya ngozi, na tangu kuingia hadi kufa kwake hupita wiki 4 hadi 6. Muda wote huo tundu liko wazi, na mguu unakanyaga vumbi, samadi na tope. Streptokoka, stafilokoka, vijidudu vya pepopunda na bakteria wanaoishi pasipo hewa hupata mlango ambao haufungwi.

Asili ya mdudu huyu ni Amerika ya Kusini. Inasimuliwa kwamba meli ya Kiingereza iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Rio de Janeiro, ilimleta Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872, ndani ya mchanga uliopakiwa ili meli isiyumbe. Kutoka hapo alifuata miguu ya watu, yaani wapagazi, askari, wafanyabiashara na watumwa. Msafara wa Henry Morton Stanley wa kumtafuta Emin Pasha, ulioingia kwa mto Kongo mwaka 1887, ulivuka bara zima, ukapita Karagwe na kuzunguka kona ya kusini-magharibi ya ziwa mwaka 1889. Kwa muda mrefu msafara huo umetajwa miongoni mwa vyombo vilivyomsafirisha funza kuelekea mashariki. Mwaka uliofuata, Novemba 1890, Emin Pasha mwenyewe, sasa akiwa mtumishi wa Wajerumani, alianzisha boma la Bukoba. Mwaka 1892 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi. Njia za boma, misheni na biashara ziliongeza miguu barabarani, na kila mguu uliweza kubeba mayai.

Mwaka huo huo wa 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipita Uzinza, nchi inayopakana na Kimwani, ambayo leo ni sehemu ya kusini ya Muleba. Aliona watu wenye vidonda vibaya vya miguu vilivyotokana na funza, na akaandika kwamba vijiji vizima vilikuwa vimeteketea kwa sababu ya mdudu huyo. Msomaji wa leo anaweza kudhani hayo ni maneno ya msafiri aliyetishika. Hata hivyo hali ya nchi wakati ule inayafanya yaaminike. Sotoka ilikuwa imetoka kuua ng'ombe wa eneo lote la maziwa makuu, mnamo 1891. Maziwa na samadi ya migomba vilipungua kwa pamoja, na njaa na ndui vikafuata. Mwili wenye njaa hauna uwezo wa kuzuia bakteria pale pale walipoingilia. Tena mdudu alikuwa mgeni. Watu hawakujua kwamba kitu kile cheupe chenye doa jeusi katikati ni kiumbe hai kinachoweza kutolewa kikiwa kizima. Walikuna, wakakipasua, wakaacha vipande vyake ndani. Mtu mwenye funza kadhaa miguuni hawezi kutembea vizuri, hawezi kulima wala kuchota maji mbali, na familia iliyokwisha kudhoofika humwacha alale chini, kwenye vumbi lile lile.

Ujuzi ulikuja, na ulikuja haraka. Katika kizazi kimoja kukagua miguu ya watoto jioni na kumtoa funza kwa mwiba mkali au pini kukawa kazi ya kawaida ya mama na bibi. Mkono uliozoea hupanua tundu taratibu, huzunguka mfuko wa mayai bila kuupasua, na kuuchomoa mzima. Hiyo ilikuwa kinga kubwa iliyobuniwa nyumbani, na inastahili kuheshimiwa kama ugunduzi wowote wa maabara. Udhaifu wake uko kwenye chombo: mwiba au pini iliyotumika kwa miguu ya watoto watano hupeleka bakteria wa mmoja kwa wenzake, na karne moja baadaye ingeweza kupeleka virusi pia.

Serikali ya Kijerumani haikuyatazama sana majeraha ya miguu. Madaktari wake walikuja kwa sababu ya magonjwa yaliyotisha makoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Robert Koch alihakikisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ulikuwa tauni; na mwaka 1906 alifika pande za ziwa kwa ajili ya malale, kambi ya wagonjwa ikajengwa Kigarama huko huko Kiziba. Kidonda cha mkulima hakikuwa na mtafiti wake. Vita vya 1914 hadi 1918 viliongeza mateso: Waingereza walivamia mji wa Bukoba Juni 1915, na katika mapigano yote ya Afrika Mashariki askari na wapagazi wengi, hasa waliotembea pekupeku, walilemazwa na funza, wengine wakapoteza vidole.

Chini ya Waingereza, katika miaka ya 1920, Tanganyika ilianza kufundisha madresa wa vijijini, vijana waliolipwa na serikali za wenyeji ili wafunge vidonda katika zahanati ndogo. Vidonda vya miguu vilikuwa sehemu kubwa ya kazi yao. Kidonda kilichooshwa na kufungwa wiki ya kwanza hakikupata nafasi ya kuwa donda ndugu, na kwa hiyo madresa wale, ambao majina yao hayamo vitabuni, huenda waliokoa miguu mingi kuliko madaktari wa upasuaji waliofuata. Wakati huo fedha za kahawa zilikuwa zikibadilisha vibanja vya Wahaya. Nyumba ya msonge yenye sakafu ya udongo iliyotandazwa nyasi ilianza kuipisha nyumba ya bati, na kwa mwenye uwezo, sakafu ya saruji. Mabuu ya funza huhitaji vumbi kavu ili yakue. Saruji inayofagiwa haiyapi mahali. Maskini alibaki na udongo wake, na tangu hapo funza amekuwa mgeni wa nyumba maskini.

Misheni ndizo zilizoleta chumba cha upasuaji karibu na watu. Walutheri walijenga hospitali Ndolage, juu ya Kamachumu. Wakatoliki wakawa na Rubya na Kagondo. Zote tatu zimo katika Muleba ya leo, na Rubya ikawa hospitali teule ya wilaya. Mjini Bukoba palikuwa na hospitali ya serikali. Pensilini ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, matumaini yalikuwa makubwa, na streptokoka kweli hufa kwa pensilini. Lakini dawa husafiri kwa damu, na nyama iliyokwisha kufa haipati damu. Sindano peke yake haikuweza kumponya mtu ambaye fashia yake imeoza kutoka kifundo cha mguu hadi pajani. Bado alihitaji kukatwa na kusafishwa siku hiyo hiyo.

Nani angekata? Wakati wa uhuru madaktari Watanganyika walikuwa wachache mno. Kuanzia mwaka 1963 nchi ilianza kuwaendeleza matabibu wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi, na kwa miongo mingi hao ndio waliobeba upasuaji wa dharura katika hospitali za wilaya. Uamuzi huo ulipunguza umbali kati ya mgonjwa na kisu kuliko jengo lolote. Waliohitaji zaidi walipewa rufaa. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, ikawa kimbilio la mikoa yote ya ziwa, ila kati yake na Bukoba palikuwa na usiku mzima wa safari ya meli, au barabara ndefu ya vumbi kupitia Biharamulo na Geita hadi kivuko cha Busisi. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiua mamia ya watu, mkoa wa Kagera, wenye Bukoba na Muleba, ulipoteza pia chombo kilichokuwa kikisafirisha wagonjwa wake.

Kufikia hapo Kagera ilikuwa imeshapata pigo lililobadilisha kabisa sura ya maambukizi. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humo. Watu wa Bukoba waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la mashati ya fasheni yaliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta watu wazima 24.2% wa Bukoba mjini wana virusi, na katika eneo la Bukoba vijijini na Muleba 10%. Kinga iliposhuka, bakteria waliozoea kuishi kwenye ngozi kwa amani waligeuka hatari. Kotekote Afrika Mashariki madaktari wa miaka hiyo waliona majipu ya ndani ya misuli kwa vijana, ugonjwa wa Fournier kwa wanaume ambao hawakuwa wazee, na watoto waliooza mashavu kwa noma. Jeraha lililofungwa vizuri liligoma kupona.

UKIMWI uliathiri pia miguu ya ambao hawakuambukizwa. Ulichukua wazazi. Watoto walibaki na bibi au babu ambaye macho yake hayaoni tena doa jeusi la funza, na ambaye naye hafikii kisigino chake mwenyewe. Mlolongo ule wa ukaguzi wa jioni, ulioanza baada ya balaa la 1892, ulikatika katika kaya nyingi. Tafiti za funza katika nchi za kanda hii zinarudia jambo hilo hilo: wanaoathirika vibaya ni watoto, wazee, yatima, walemavu na wagonjwa wa akili, wanaolala kwenye sakafu ya udongo. Jirani mkoani Kigoma, katika wilaya ya Kasulu, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta vijiji ambavyo funza bado anawalemaza watu. Dawa bora iliyopatikana ni mafuta ya dimetikoni, yanayoziba tundu la kupumulia ili mdudu afe bila kuchokolewa. Yamejaribiwa Kenya na Uganda na kuleta matokeo mazuri.

Takwimu za virusi zilianza kushuka kabla ya dawa kufika. Bukoba mjini walioambukizwa walikuwa 13.3% mwaka 1996, na Muleba 4.3% mwaka 1999. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini Oktoba 2004, na watu waliokuwa wakifa kwa jeraha dogo wakaanza kupona.

Nafasi iliyoachwa ilichukuliwa na kisukari. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kisukari kilikuwa kwa mtu 1 hivi kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta sukari iliyopanda kwa 9.1% ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kisukari hukusanya hatari zote katika mguu mmoja: neva zilizokufa hazihisi msumari, mishipa iliyoziba haileti damu, na chembe nyeupe zinazoogelea katika sukari nyingi hazipigani sawasawa. Ripoti ya Bugando ya mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 162 waliokatwa mikono au miguu ilionyesha kwamba matatizo ya mguu wa kisukari ndiyo yaliyoongoza, zaidi ya 4 kati ya 10, yakifuatwa na ajali. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kulielezwa mwaka 2002 jambo ambalo vitabu vya Ulaya vilikuwa havilisemi sana: mkono nao huoza. Mgonjwa wa kisukari huumwa na mdudu au hujikwaruza kidoleni, hupuuza, na baada ya siku chache kiganja kizima kimejaa usaha.

Upande wa ziwani kuna hatari nyingine. Muleba ina visiwa vingi vya wavuvi, vikiwemo Bumbire, Goziba, Ikuza na Kerebe. Mvuvi wa sangara huchomwa na ndoana, miiba ya mapezi na mbao za mtumbwi akiwa amelowa maji. Katika maji baridi wamo bakteria aina ya aeromonasi, ambao huweza kuozesha mguu kwa kasi ya saa, hasa kwa mwenye ini bovu kutokana na pombe au homa ya ini. Kwenye mwalo dawa inayopatikana haraka ni ya dukani. Kidonda hunyunyiziwa unga wa kapsuli iliyofunguliwa, mgonjwa humeza diklofenaki, maumivu hupoa, na ile dalili moja ambayo ingemtoa kisiwani usiku huo hupotea. Mwingine hukandwa kwa maji ya moto na majani, au hupelekwa kwa mganga kwa kuwa mguu uliovimba ghafla hudhaniwa umerogwa. Lawama hapa haina maana kubwa. Mashua ya kukodi ni ghali, na hakuna aliyewahi kumwambia mvuvi kwamba uchungu usiolingana na uvimbe ni sababu ya kuondoka.

Mgonjwa anapofika hospitalini, uamuzi hautegemei mashine. Mwaka 2004 madaktari wa Singapore walitengeneza alama za kubashiri ugonjwa kwa vipimo sita vya damu, vikiwemo sukari, sodiamu na kreatinini, lakini alama ndogo haimwondolei mgonjwa hatari. Daktari akishuku hupasua ngozi kidogo kwa dawa ya ganzi hadi kwenye fashia. Nyama hai hutoka damu na hushikana. Iliyooza haitoi damu, hutoa maji ya kijivu yanayonuka, na kidole huteleza kati ya ngozi na misuli bila kizuizi. Hapo mgonjwa huingizwa chumba cha upasuaji, na kila kilichokufa huondolewa mpaka damu nyekundu ionekane pande zote. Kidonda huachwa wazi na kukaguliwa tena baada ya saa 24, mara nyingi na kukatwa tena. Pamoja na hayo huenda dripu, dawa za kuua bakteria wa aina mbalimbali, na insulini kwa mwenye kisukari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba waliopona walipasuliwa kwa wastani wa saa 25 tangu walipolazwa, na waliokufa saa 90. Uzee, kisukari, figo mbovu na presha iliyoshuka huongeza vifo, lakini kati ya mambo yote hayo ni muda tu ambao hospitali na familia zinaweza kuupunguza usiku ule ule.

Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 na kujeruhi mamia mjini Bukoba na vijiji vya jirani, lilikuwa kipimo kikali cha uwezo huo. Majeraha yaliyochafuliwa na matofali na udongo ni mlango wa aina ile ile ya bakteria, na hospitali ya mkoa ililazimika kusafisha mengi kwa wakati mmoja huku majengo yenyewe yakitikiswa.

Anayepona hubaki na kazi ndefu. Shimo la kidonda huchukua wiki kadhaa kujaa nyama nyekundu, kisha hupandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Mwanaume aliyepona ugonjwa wa Fournier, ambao Bugando imeueleza kwa wagonjwa 84 katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2015, huhitaji kujengewa upya sehemu alizopoteza. Aliyekatwa mguu juu ya kifundo hurudi kwenye kibanja cha mlimani chenye migomba iliyosongamana, mahali magongo hayapiti kirahisi. Wataalamu wa viungo bandia wamekuwa wakifundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT, tangu mwaka 1981, na mguu wa bandia unaotoshea vizuri humrudisha mtu shambani. Barabara ya lami sasa inaunganisha Bukoba na Mwanza, na tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3. Gari la wagonjwa linalotoka Muleba kwenda Bugando halisubiri tena kivuko.